Antivirusi Ikipiga Kelele Kwenye Gemu, Nani Muongo: Yenyewe au Aliyekuuzia?

Kwenye vibanda vya kuwekea watu magemu, kuanzia Kariakoo, Makumbusho hadi kila kona ya Dar ambako kijana ameweka meza, kompyuta na hadi diski ya nje, kuna sentensi inayosemwa kuliko hata "karibu". Ni hii: "Zima antivirusi kwanza." Inasemwa kirahisi kabisa, kama mwenye nyumba anavyomwambia mgeni avue viatu mlangoni. Mteja anazima, gemu linaingia, anaenda zake nyumbani kucheza. Siku tatu baadaye antivirusi inawashwa, inapiga yowe, na jibu la fundi liko tayari mdomoni: "Hiyo inazingua tu kaka. Kengele ya uongo hiyo, endelea kula maisha."

Sasa wadau, ubaya wa jibu hilo si kwamba ni uongo mtupu. Lingekuwa uongo mtupu watu wangeshalishtukia zamani. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi ni kweli. Na kwa sababu mara nyingi ni kweli, siku ambayo si kweli hakuna anayejua. Hapo ndipo watu wanapolizwa.

WAWILI WALIOUMIA KWA KENGELE ILE ILE

Yupo kijana mmoja wa Arusha, anajifunza kuandika programu mwenyewe kwa video za bure. Alikaa miezi kadhaa akatengeneza gemu dogo la bao kwa lugha ya Python, akalifunga likawa faili moja la kubofya, akalirusha kwenye grupu la wenzake. Badala ya pongezi akapokea matusi. Karibu kila aliyelifungua, Windows ilimletea onyo, wengine antivirusi ikalifuta kabisa. "Oya, umeanza lini kututumia virusi?" mmoja akamuuliza mbele za watu. Kiongozi wa grupu akamtoa bila kumsikiliza. Kijana hana hila hata kidogo, kosa lake ni kutengeneza kitu ambacho kompyuta za wenzake hazijawahi kukiona.

Yupo pia dada mmoja wa Mwanza, anauza vitenge na mikoba kupitia Instagram. Ukurasa ameukuza kwa jasho, picha moja moja, mteja mmoja mmoja. Mdogo wake akaazima laptopu wikiendi moja, akaenda kuwekewa gemu la mpira. Fundi akazima antivirusi, akaweka mzigo, akachukua buku tano yake. Wiki haijaisha, dada akatolewa kwenye akaunti yake mwenyewe. Aliyeingia akaanza kuwaandikia wateja: "Leo kuna ofa mpenzi, lipia kwa namba hii mpya." Wateja wakalipa. Mizigo haikuja. Matusi yakamwangukia mwenye jina.

Baadaye jamaa mwingine anayejua kompyuta akafungua historia ya ulinzi ndani ya ile laptopu. Onyo lilikuwepo. Faili lile lile la gemu lilikuwa limeshikwa siku ile ile ya kuinstoli, kabla ulinzi haujazimwa, na mtu akabofya kuruhusu. Dogo alikuwa na jibu moja tu: "Dada, fundi alisema hiyo ni kawaida."

Wawili hawa wameumizwa na kitu kimoja, kengele ambayo watu wameacha kuielewa. Wa kwanza hakuwa mwizi, akaitwa mwizi. Wa pili mwizi alikuwepo kweli, kengele ikalia, ikaambiwa inyamaze.

KWA NINI MAGEMU YANAICHANGANYA ANTIVIRUSI

Watu wengi wanadhani antivirusi inalielewa faili kama mtu anavyoielewa barua aliyoisoma. Hapana. Kazi yake kubwa ya kwanza ni kufananisha. Ina daftari la alama za virusi vinavyojulikana, faili likifanana na kilichomo kwenye daftari, linashikwa. Ushahidi mzuri ni faili la majaribio linaloitwa EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 tu, hayana madhara yoyote, yametengenezwa ili watu wapime kama antivirusi zao ziko macho. Antivirusi karibu zote zinalishika kwa sababu zimekubaliana kulishika.

Daftari peke yake halitoshi, maana virusi vipya vinazaliwa kila siku. Ndiyo maana antivirusi za sasa zinakisia pia. Zinaangalia tabia. Faili hili limefungwafungwa kwa namna ya kuficha kilichomo? Linaingilia kumbukumbu ya programu nyingine? Linataka mamlaka yote ya kompyuta? Halina saini ya kampuni inayojulikana? Limeonekana kwenye kompyuta ngapi duniani? Majibu yakiwa mabaya, kengele inalia hata kama hakuna kirusi kilichotambuliwa kwa jina.

Sasa lisome swali moja moja halafu fikiria gemu. Magemu yanafungwafungwa ili yawe madogo na ili watu wasiyachokonoe. Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa UPX, ipo tangu miaka ya 1990, inatumiwa na watengenezaji wa kweli na inatumiwa na wezi vilevile. Magemu makubwa yanatumia ulinzi mzito wa kuzuia kunakiliwa, na ulinzi huo kwa tabia unafanana sana na jinsi virusi vinavyojificha. Programu za kuzuia udanganyifu mchezoni zinaingia hadi kwenye moyo wa Windows. Zile za kuongeza pesa au maisha ndani ya gemu kazi yake hasa ni kuingilia kumbukumbu ya programu nyingine. Na gemu dogo la kijana wa Arusha halina saini, halijulikani, limeonekana kwenye kompyuta kumi tu. Kwa hesabu za mashine, kila moja ya hizo ni dalili mbaya.

Halafu kuna kreki, yaani kile kifaili cha kuvunja kufuli la gemu ili lichezeke bila kununuliwa. Hiki kinabadilisha programu ya mtu mwingine bila ruhusa yake. Hata kama aliyekitengeneza hana nia ya kumwibia mchezaji, matendo yake ni ya mvunja mlango. Antivirusi ikipiga kelele hapo haijakosea sana. Imemwona mtu anachokonoa kitasa na haijui kama ni fundi aliyeitwa au kibaka.

KAMPUNI ZENYEWE ZIMEJIHARIBIA JINA

Fundi wa kibandani hakuzaliwa akiidharau antivirusi. Amefundishwa na antivirusi zenyewe. Rekodi ipo na haifichiki.

Novemba 2008, apdeti ya AVG iliita faili la user32.dll kwamba ni farasi wa Troya. Hilo ni faili la Windows XP yenyewe, likiondolewa kompyuta haiwaki vizuri. Tarehe 21 Aprili 2010 ikawa zamu ya McAfee. Apdeti yake iliishika svchost.exe, kiungo muhimu cha Windows XP, na kompyuta maofisini zikaanza kujizima na kujiwasha hovyo huku zikikosa mtandao. Septemba 2012 Sophos ikavunja rekodi ya vituko kwa kuishika programu yake yenyewe ya kupakua apdeti. Mlinzi amejikamata mwenyewe, kisha akapiga filimbi.

Kama makampuni yenye wataalamu wa kulipwa yanaweza kukosea kwa kiwango hicho kwenye mafaili ya Windows yanayojulikana dunia nzima, kwenye kigemu cha bao itakuwaje?

Ongeza na lugha wanayotumia. Mtu wa kawaida anafungua onyo anakutana na jina kama Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Nani mtaani anajua maana yake? Ile "!ml" ya mwisho kwenye majina ya Microsoft inaonyesha kwamba kilichotoa hukumu ni kielelezo cha mashine kujifunza, yaani faili limehukumiwa kwa kufanana kwake na mabaya mengine. Hiyo ni habari muhimu sana kwa mtu anayetaka kuamua. Imefichwa kwenye herufi mbili.

Vivyo hivyo majina kama HackTool na Keygen. Mara nyingi maana yake ni kwamba hiki ni kifaa cha kuvunja leseni, si lazima kiwe kinaiba kitu chako. PUA maana yake ni programu ambayo huenda huitaki, kama zile zinazojibandika na matangazo. Lakini zote zinakuja na rangi ile ile nyekundu, mlio ule ule, tisho lile lile linalotumika kwa kirusi kinachokomba paswedi za benki. Ukimpigia kelele moja mwizi wa embe na mwizi wa bunduki, majirani wataacha kutoka nje.

Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya kwao. Wangeweza kusema kwa lugha ya mtu: "Faili hili linavunja kufuli la gemu, hatujaona likiiba kitu," au "Faili hili linasoma paswedi zako na kuzituma nje." Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na mtu mzima akizipata anaweza kuchagua. Wanachompa sasa ni hofu tu, na hofu ikizidi mtu anaizoea.

LAKINI FUNDI NAYE ASIJIFICHE HAPO

Haya, antivirusi inakosea. Je, ndiyo tuseme kila ikilia juu ya gemu imekosea?

Juni 2021 kampuni ya Avast ilitoa ripoti juu ya kirusi walichokiita Crackonosh. Uchunguzi ulianza baada ya wateja kulalamika kwamba antivirusi yao imetoweka kwenye kompyuta, haipo, kama haikuwahi kuwekwa. Kumbe kirusi kilikuwa kimekaa ndani ya magemu ya kukreki. Si magemu ya ajabu ajabu yasiyojulikana. Ni Grand Theft Auto V, Pro Evolution Soccer 2018, NBA 2K19, Far Cry 5, Euro Truck Simulator 2. Yaani menyu nzima ya kibanda cha mtaani.

Namna kilivyofanya kazi ndiyo inayotisha. Kiliifanya Windows iwake kwenye hali ile ya dharura ambayo antivirusi haifanyi kazi, kikafuta ulinzi, kikazima na apdeti za Windows, halafu pale chini kwenye kona ya skrini kikabandika alama ya ulinzi yenye tiki ya kijani ili mwenye kompyuta aone kila kitu kiko freshi. Baada ya hapo kikatumia kompyuta hiyo kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero. Kwa mujibu wa ripoti ile, kompyuta zilizoambukizwa zilizidi 222,000 duniani na wenyewe walishavuna zaidi ya dola milioni 2 tangu mwaka 2018. Feni za watu zilikuwa zinavuma usiku kucha, luku zinaisha, wao wakidhani ni gemu zito.

Usidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 31 Desemba 2024, wakati watu wanasubiri mwaka mpya, kampeni nyingine iliyopewa jina la StaryDobry ilianza. Kaspersky waliieleza mwezi Februari 2025. Magemu kama BeamNG.drive na Garry's Mod yalikuwa yamepandishwa kwenye mitandao ya kugawana mafaili tangu Septemba, yakakaa kimya, yakasubiri sikukuu. Uchimbaji ulianza tu kwenye kompyuta zenye prosesa ya koa 8 au zaidi. Mwizi anachagua nyumba yenye mali.

Na mwezi huo huo wa Februari 2025, hata duka halali la Steam lilikutwa na gemu la bure liitwalo PirateFi likiwa na kirusi cha kuiba taarifa ndani yake. Valve, wenye Steam, wakaliondoa na kuwaandikia walioligusa wazipime kompyuta zao, hata wafikirie kuiweka Windows upya kabisa. Kama duka lenye walinzi limepenyezewa, hadi diski ya nje inayozunguka kutoka Ubungo hadi Tegeta ina ulinzi gani?

Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Gemu unalipenda, unaliingiza kwa mkono wako, na ulinzi unauzima mwenyewe. Mwizi wa namna hii hahitaji hata kuvunja mlango.

SWALI AMBALO FUNDI HANA JIBU

Jaribu kumuuliza fundi anayesema "ni kengele ya uongo" swali moja tu: umejuaje?

Mazungumzo yanakwenda hivi.

"Mkuu, umejuaje kama ni uongo?"

"Kaka, mimi nimewawekea watu zaidi ya mia gemu hili hili. Hajarudi hata mmoja."

Sikiliza hilo jibu vizuri. Hajasema amelipima. Hajasema amelitoa kwa mwenye gemu. Amesema hakuna aliyelalamika. Lakini virusi vya siku hizi haviji kwa kelele kama vile vya zamani vilivyokuwa vinajaza flashi vivuli vya folda. Vya siku hizi vinataka ukae kwa raha, ucheze, ufurahi. Cha kuiba taarifa kinafanya kazi yake kwa muda mfupi tu kisha kinanyamaza. Kinachukua paswedi ulizohifadhi kwenye brauza. Kinachukua pia zile tiketi ambazo brauza inatunza ili usiingize paswedi kila mara. Mwenye tiketi hiyo anaingia kwenye akaunti yako bila paswedi na bila ile meseji ya namba sita. Ndiyo maana dada wa Mwanza hakuona meseji yoyote ya kumshtua. Aliyeingia alionekana kama yeye.

Kwa hiyo mteja wa fundi akipoteza akaunti mwezi ujao, hatarudi kibandani. Atawalaumu watu wa mtandao, atamlaumu mpenzi wake wa zamani, ataenda kuogeshwa. Fundi ataendelea kuhesabu: hajarudi hata mmoja.

Na kiukweli fundi mwenyewe mara nyingi si mwizi. Naye amepewa. Amenakili kutoka kwa jamaa, jamaa kanakili kwa jamaa, na mwisho wa mnyororo hakuna anayemjua aliyekreki. Tatizo lake ni kutoa hakikisho la kitu asichokijua. Mama ntilie akikuambia samaki ni wa leo, amemwona asubuhi. Fundi anakuambia gemu ni safi wakati hajui lilikovuliwa.

"SASA MTU AFANYEJE, MAGEMU NI GHALI"

Hoja hiyo ipo na ni nzito. Gemu jipya kubwa linauzwa dola 60 hadi 70, zaidi ya laki moja na nusu ya Kitanzania kwa juu. Kuna mtu hiyo ni kodi ya chumba mwezi mzima na chenji inabaki. Wengi hawana kadi ya kulipia mtandaoni. Na hata akilinunua, kulipakua gemu la gigabaiti 80 kwa bando ni kujitakia msiba. Kumwambia mtu huyo "nunua orijino" halafu ukaondoka ni kumcheka.

Lakini kati ya laki na nusu na kreki ya kuzima ulinzi kuna njia nyingi katikati ambazo vibanda havizitangazi. Dota 2 ni bure. Counter-Strike 2 ni bure. Valorant na Fortnite ni bure. Hata lile gemu la mpira la Konami lililokuwa PES, tangu 2021 limekuwa eFootball na linaanza bure. Epic Games wanagawa gemu la bure kila wiki na likishaingia kwenye akaunti yako linabaki lako. Steam kuna misimu ya punguzo ambapo gemu la miaka minne iliyopita linashuka hadi bei ya chipsi kuku. Fundi mwenye akili angeweza kujenga biashara hapo: kupakua kwa intaneti yake, kuweka kwa mteja, kuchukua buku tano ile ile. Anauza kazi yake na bando lake, na hakuna haja ya kumzimia mtu ulinzi.

KABLA YA KUBOFYA "RUHUSU"

Kwa wale ambao kengele imelia na gemu wanalitaka, yapo mambo ya kufanya badala ya kuchagua kati ya hofu na ubishi.

Kwanza, usizime antivirusi nzima. Ukiona umelazimika, ruhusu faili moja lililoshikwa, si diski nzima ya C. Tofauti yake ni kama kumruhusu mgeni mmoja aingie sebuleni na kung'oa milango yote ya nyumba.

Pili, soma jina la kilichoshikwa. Kama ni neno la jumla jumla kama Generic, Heur au lile lenye "!ml", maana yake ni makisio, linahitaji uchunguzi zaidi. Kama ni jina la kirusi maalumu cha kuiba taarifa, mjadala umefungwa.

Tatu, lipime kwa wengi. Kuna huduma ya VirusTotal, ilianzia Hispania mwaka 2004, Google wakainunua 2012. Unapandisha faili, linapimwa na antivirusi nyingi kwa mpigo. Ikishika moja au mbili zisizo na jina kubwa na nyingine zote kimya, uwezekano wa kengele ya uongo unapanda. Zikishika thelathini, usimtafute fundi akutulize. Faili likizidi megabaiti 650 haliingii, lakini unaweza kutafuta kwa alama yake ya SHA-256, au ukapima vile vifaili vidogo vya kuwashia gemu, maana ndivyo mara nyingi vinavyobeba mzigo. Kumbuka pia, kirusi kipya kabisa kinaweza kupita safi leo kikashikwa keshokutwa. Subiri siku mbili tatu, pima tena. Gemu halikimbii.

Nne, bofya faili kwa kitufe cha kulia, angalia sifa zake kama lina saini ya kidijitali ya kampuni yenye gemu. Saini ikikosekana si ushahidi peke yake, maana hata magemu halali mengine hayana, lakini ni sababu ya kuongeza mashaka.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kompyuta ya gemu za kreki isiwe kompyuta ya riziki. Kama familia ina laptopu moja, inayobeba akaunti ya biashara, barua pepe na tasnifu ya chuo, hiyo si ya kubahatisha.

Na kwa vijana wanaotengeneza magemu yao wenyewe kama yule wa Arusha, msikate tamaa. Cheti cha kusaini programu kinaweza kugharimu mamia ya dola kwa mwaka, ni mzigo. Lakini Microsoft na kampuni nyingine za antivirusi wana kurasa za kupeleka faili lililoonewa ili lichunguzwe na kusafishwa jina, bila malipo. Pia kuweka gemu kwenye duka linalojulikana badala ya kulirusha kwenye grupu kunapunguza mashaka. Na wale waliomtoa kijana kwenye grupu wanamdai samahani.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Antivirusi ikisema kitu kuhusu gemu lako, inaweza kuwa imekosea. Mwenye haki ya kusema imekosea ni aliyepima. Ambaye hajapima, awe fundi, mshkaji au dogo wa nyumbani, anabahatisha tu, na anabahatisha kwa mali ya mwenzake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ulishawahi kuambiwa uzime antivirusi kwanza? Uliumia au ulipona? Na mafundi wa vibandani mnaopita hapa, karibuni mjitetee kwenye maoni, ila mje na jibu la lile swali: mmejuaje?